Kiti cha Nyuma

Vendôme, Jumapili 4 Mei 1958

Dada Clémence,

Nakusalimu, na goti lako nalisalimu pia, maana najua ndilo linalokuamsha alfajiri siku hizi. Wasalimie kuku, na jirani Fulbert, ingawa pampu yangu bado iko kwake tangu Krismasi. Mimi ni mzima. Niliondoka Alhamisi kama nilivyokuambia mezani. Ulikaa kimya, nami nikauchukua ukimya ule kuwa ruhusa.

Barabara ni kavu. Upepo ulitoka magharibi siku ya kwanza, ukatusaidia hadi Montoire, kisha ukageuka. Mto Loir umejaa lakini haujavunja kingo. Kwenye majabali meupe watu wamefungua milango ya nyumba zao za pangoni, wametoa magodoro juani, na harufu ya mapipa ya mvinyo inatoka gizani kama pumzi ya ng'ombe. Nimeandika yote katika shajara kwa utaratibu: hali ya hewa, miinuko, chakula. Pancha hakuna.

Unaijua njia ninayoifuata. Yvon aliichora kwa penseli juu ya ramani kabla hajaitwa jeshini: Vendôme, Loches, Le Blanc, Argenton, kisha msitu wa Tronçais, alikotaka kuona mialoni mirefu kuliko mnara wa kanisa letu. Tulisema tutaifanya akirudi. Kadi za chama chetu cha baiskeli ninazo. Ukifika mji ulio kwenye kadi unaingia mkahawani au kwa mwokaji mikate, unaomba wakugongee muhuri kuthibitisha kwamba umefika. Leo nimegongewa wa Vendôme.

Niandikie posta ya Loches, waiweke barua mpaka niifuate mwenyewe. Kumbuka hawaiweki zaidi ya siku kumi na tano, kisha huirudisha ilikotoka.

Kuhusu lile jambo la meya, tutazungumza.

Nduguyo,
Octave

*

Saint-Aubrin, 12 Mei 1958

Mdogo wangu Octave,

Barua imefika na nimefurahi kuona mwandiko wako haujatetemeka. Goti linakushukuru, halina jipya. Kuku mwekundu ameacha kutaga, nadhani anakusubiri. Binti wa mwokaji amechumbiwa na yule kijana wa Savigny mwenye masikio. Redioni ni serikali tu, imeanguka, haijaanguka, nimeizima.

Wala sikukupa ruhusa. Nilikuwa na supu mdomoni. Nilipoimeza ulikuwa umeshashika kofia.

Sasa tuje kwenye jambo. Unasema tutazungumza, lakini meya hazungumzi na barabara, anazungumza na mimi. Amekuja mara mbili. Jeneza la Yvon litatolewa Algeria kwa meli hadi Marseille, kisha litaletwa kwa garimoshi mpaka stesheni yetu. Itakuwa kiangazi hiki. Anataka jibu la baba: kijana alazwe na mama yake, au kwenye safu ya askari karibu na ukuta. Nilimwambia, "Bwana meya, mimi ni shangazi yake tu." Akasema, "Ndiyo maana namtaka kaka yako, bibi."

Sitajibu badala yako. Telegramu ya Februari niliipokea mimi, nikakusomea mimi, kwa sababu miwani ilikuwa imekupotea, nawe ulikuwa umeivaa. Hili la sasa ni lako. Zunguka wiki mbili, upumue, kisha urudi. Mtoto asifike nyumbani akakuta baba hayupo.

Dada yako,
Clémence

*

Loches, 27 Mei 1958

Dada Clémence,

Salamu kutoka kwenye mvua. Nimeikuta barua yako posta, imeloa pembeni lakini yasomeka. Mpongeze binti wa mwokaji. Masikio si kasoro, babu yetu alikuwa nayo na akaishi miaka tisini. Kuku mwekundu mpe maganda ya mayai yaliyosagwa.

Nilikaa siku kadhaa katika shamba moja kabla ya kufika hapa, kwa sababu ya breki ya mbele. Bonde la Indre ni tulivu mno. Mto unapita nyuma ya bustani za watu kama jirani asiyependa kusumbua. Kuna vinu vya maji vilivyosimama, bata, wanawake wanaofua. Kisha msitu wa Loches, njia zake zimenyooka kama zimepigwa rula, na kila njia panda kuna nguzo ya jiwe. Tulipumzika chini ya mojawapo tukala mkate na jibini la mbuzi. Kunguru alituangalia muda mrefu.

Mwenye nyumba ya wageni hapa ni mama mmoja mwenye ulimi, anaitwa Bi Ravault. Jana usiku aliweka sahani mbili kama nilivyomwomba, supu ya pili ikapoa.

"Huyo mwenzako anatembea kwa magoti?" akaniuliza.

"Anakuja nyuma."

"Basi siku nyingine mweke mbele, bwana, maana wa nyuma anachukua muda."

Wateja walicheka. Nami nilicheka.

Muhuri umegongwa, uko wazi, wino wa zambarau. Ifuatayo niandikie Le Blanc.

Octave

*

Saint-Aubrin, 5 Juni 1958

Octave,

Wazima wote, kuku ametaga, asante kwa maganda. Fulbert anakusalimu na kusema pampu ataileta.

Juzi nilitafuta jembe dogo nikafungua banda lako. Baiskeli yako inaning'inia ukutani, magurudumu yamelegea. Nikasimama pale nikiwa na jembe. Kona ile nyingine iko tupu. Umechukua ile ndefu, ya viti viwili na pedali za watu wawili.

Nilimwita Fulbert. Anasema alikuona asubuhi ile ukipita na kiti cha nyuma kitupu, akadhani unaipeleka kuuza. "Sikutaka kuuliza," akasema. Hakuna anayetaka kuuliza katika kijiji hiki, wote wameniachia mimi.

Kwa hiyo nauliza. Sahani ya pili ni ya nani? Nani alikula jibini na wewe chini ya nguzo? Nimeisoma barua yako mara tatu, nikaiweka chini ya mkate nisiione.

Sikukaripii. Mimi mwenyewe ninatandika kitanda chake kila Jumamosi. Lakini kitanda changu hakipandi milima ya watu, na hakimzuii mtu kurudi kwake.

Meya amepata barua rasmi: meli ni mwisho wa mwezi huu, garimoshi ni Julai. Na mtu mwingine alikuja. Anaitwa Gilbert Mauclerc, alikuwa na Yvon katika kikosi kimoja tangu siku ya kwanza. Yuko likizo. Alikuja kwa miguu kutoka stesheni, akakaa jikoni na kofia magotini, akanieleza. Alitaka kukueleza wewe. Nitakuambia ukifika, si kwa kalamu.

Rudi, Octave.

Clémence

*

Le Blanc, 20 Juni 1958

Dada Clémence,

Natumaini joto halikusumbui. Huku ni kali, lami inashika matairi. Nyasi zimekatwa, bonde zima linanukia. Mto Creuse hapa ni mpana, maji yake ya rangi ya chai, na jioni wanaume wanasimama ndani hadi kiunoni wakivua samaki bila kusemezana. Ni mahali ambapo mtu anaweza kukaa.

Kweli, ni ile ndefu. Ukiiendesha peke yako ni nzito mteremkoni na ni nzito zaidi mlimani, kwa sababu imetengenezwa kwa nguvu za wawili. Lakini inakwenda. Ukishika kasi kwenye tambarare, pedali za nyuma zinazunguka zenyewe, maana cheni ni moja. Nazisikia. Usipogeuka kutazama, Clémence, sauti ni ile ile. Tangu alipokuwa na miaka minane nimekuwa nikisikia sauti hiyo mgongoni mwangu.

Alikuwa akinidanganya, unajua? Mlimani aliinua miguu kidogo, akaacha pedali zimzungushe, huku anahema kwa nguvu ili nidhani anafanya kazi. Nilijua. Sikumwambia kamwe.

Mwokaji wa hapa aligonga kadi zote mbili bila kutazama, alikuwa na mteja.

Aliyoyasema yule Gilbert usiniandikie. Wala usiniambie nikifika. Nakuomba hivyo, sijakuomba kitu tangu mazishi ya Hélène.

Ifuatayo ni Argenton.

Octave

*

Saint-Aubrin, 2 Julai 1958

Octave,

Sina salamu za kuku leo. Meya ametoka hapa sasa hivi.

Garimoshi litafika Jumanne tarehe 15. Jeneza litawekwa chumba cha chini cha ofisi ya meya, watu wapite kuaga. Maziko ni Jumamosi tarehe 19, saa nne asubuhi. Padri alitaka mapema zaidi kwa sababu ya joto, nikamwambia jeneza ni la zinki na limechomelewa, joto halimhusu mtu, na baba yake yuko mbali kwa baiskeli. Akanitazama. Nikamwambia, "Padri, mwombee, usinitazame mimi."

Kutoka Argenton unaweza kupanda garimoshi, siku moja umefika. Iache baiskeli popote. Nimetuma na telegramu posta hiyo hiyo, ili hata karani akipoteza kimoja, kingine kikufikie.

Kuhusu kaburi, usiponijibu nitamlaza na mama yake Hélène. Lakini nakuomba uje uniambie hivyo kwa mdomo wako, mbele ya shimo, ili nisiishi miaka iliyobaki nikijiuliza kama nilimweka mahali ulipotaka.

Gilbert ameongezewa likizo, atabaki hadi maziko. Analala kwa Fulbert. Asubuhi anakuja kunipasulia kuni bila kuombwa, kuni za Julai. Nimezipanga ukutani mpaka zimefika dirishani.

Njoo tu. Sitakuuliza kitu njiani kutoka stesheni.

Clémence

*

Ukingoni mwa msitu wa Tronçais, Ijumaa 18 Julai 1958

Dada Clémence,

Nakusalimu. Sina barua yako mkononi, kwa hiyo sijui goti lako likoje.

Argenton sikupita. Juu ya ramani, kutoka Le Blanc, penseli imechora njia mbili: moja inafuata mto hadi Argenton, nyingine inakata kwenye mabwawa ya Brenne. Kwenye ile ya mabwawa Yvon aliandika "ndege" na alama ya kuuliza. Nikaifuata ile ya ndege. Nikakaa huko wiki mbili kwa mzee mmoja anayetengeneza nyavu, nikamsaidia. Ndege wapo. Kama uliandika Argenton, barua itarudi kwako, nisamehe.

Jana nilifika msituni. Mialoni ni kama alivyosema, huoni inakoishia. Ndani kuna giza la kijani na hakuna upepo kabisa, hata baiskeli haipigi kelele. Nikatoka upande wa pili, kwenye kijiji chenye mkahawa mmoja. Mwenye mkahawa ni mama mkongwe, Bi Peyrot, mweusi wa mavazi toka shingoni hadi viatuni. Nikaagiza kahawa mbili, nikaweka kadi mbili mezani. Alichukua muhuri, akaupumulia, akasimama.

"Kadi mbili," akasema. "Mtu namwona mmoja."

"Mwenzangu yuko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma, mama."

Akatoka nje kwa fimbo yake, taratibu, nikamfuata. Akaitazama baiskeli mwanzo hadi mwisho. Kisha akapitisha kidole juu ya kiti cha nyuma, akanionyesha kidole hicho. Kilikuwa cheupe kwa vumbi.

"Marehemu mume wangu alikuwa katika chama chenu miaka arobaini," akasema. "Muhuri ni wa aliyefika. Nikimgongea asiyefika, mzee yule atafufuka anipige na pampu."

Hakusema kwa ubaya. Aligonga yangu. Ya pili akanirudishia, ameishika kwa kingo zake kama picha. Hakuniuliza ni mwanangu au ni nani. Kahawa ya pili hakunitoza.

Sikuweza kupanda tena. Niliisukuma kwa mkono mpaka nilipofika hapa ninapoandika, kwa mkata kuni aliyenipa ghala lake nilale.

Nitakuambia jambo, maana nimechoka kulibeba kwenye shajara. Majeneza ya kutoka kule huchomelewa, kila mtu anajua. Nani aliona ndani? Karani wa jeshi aliandika jina juu ya mbao. Mimi pia ni karani, miaka thelathini katika kiwanda cha kupasua mbao, najua jinsi jina linavyoandikwa juu ya gogo lisilo lake siku ya kazi nyingi. Maadamu sijasimama mbele ya sanduku lile, ni sanduku la mtu. Ndiyo maana nimekuwa nikiendesha. Si kwamba sijui. Ni kwamba sijasimama mbele yake.

Sasa nakuja. Waambie wanisubiri. Nitamwomba meya alete fundi alifungue, niangalie mara moja tu, hata kama ni marufuku. Nikiona ni yeye, nitamzika na mama yake. Narudi kwa njia ile ile, nitapita Loches mwisho wa mwezi, niandikie hapo kwamba wananisubiri.

Octave

*

Saint-Aubrin, 24 Julai 1958

Mdogo wangu Octave,

Leo mtu wa posta ameleta barua mbili pamoja. Moja ni yangu ya Argenton, imegongwa muhuri kwamba haikuchukuliwa. Nyingine ni yako ya msituni. Nimezisoma zote mbili hapa mezani, yangu kwanza, kama vile imeandikwa na mtu mwingine.

Huna haja ya kuharakisha.

Tumemzika Jumamosi. Tulingoja kutoka saa nne hadi saa tano kasorobo. Nilikuwa nimemweka mtoto wa mwokaji juu ya daraja aangalie barabara ya Vendôme, akarudi akatikisa kichwa, padri akaanza. Amelala na Hélène, upande wa kulia, karibu na waridi.

Jeneza lilibebwa na Gilbert, Fulbert na vijana wawili wa kiwandani kwako. Wa chama chenu walikuja wote, hata wale wa Bessé. Hakuna aliyepanda. Walizisukuma baiskeli kwa mkono kutoka kanisani hadi makaburini, wawili wawili, na hakukuwa na sauti ila zile cheni. Asubuhi hiyo Fulbert alikuwa ameingia bandani na pampu yako, akajaza upepo magurudumu ya baiskeli yako. Walipomweka mtoto chini, akaenda akaichukua ukutani mwa makaburi, akaishikilia mbele ya shimo mpaka mwisho. Aliniambia baadaye, "Angalau kuna kitu cha baba yake kilichosimama." Pampu ameirudisha. Iko juu ya kabati.

Octave, uliniomba nisiandike aliyoyasema Gilbert. Nilikubali, si kwa sababu uliomba, bali kwa sababu nilijua unachokishikilia, na sikutaka kuwa mimi wa kukubandua vidole. Tangu mwezi wa sita nimeamka kila siku nikiwa nacho mdomoni, na nimekimeza na kahawa. Lakini sasa unataka kuleta fundi. Siwezi kukuacha usafiri mwendo wote huo, upite mbele ya meya na watu, uombe kaburi lifukuliwe.

Gilbert ndiye aliyemvisha. Walipomleta chini kutoka mlimani, usoni alikuwa hatambuliki, na sajini alitaka uhakika kabla ya kuandika jina. Gilbert akasema, "Mkunjueni suruali ya kushoto." Kovu lilikuwepo, chini ya goti, la umbo la ndoano. Yvon alikuwa akiwaonyesha wenzake kambini na kuwaambia ni mteremko wa mto Braye, na baba yake alikuwa mbele na hakugeuka.

Sajini akaandika. Gilbert akamvisha nguo safi, akamfunga kamba za viatu.

Hayo ndiyo yote. Supu ipo. Njoo ukiweza.

Clémence

*

Loches, Alhamisi 31 Julai 1958

Dada Clémence,

Nimeipata. Niliisoma nimesimama ndani ya posta, kisha nje, kisha kwenye benchi la uwanja wa soko.

Alikuwa na miaka tisa siku ile. Nilihisi miguu yake imeacha kusukuma, nikadhani anafanya ujanja wake, anainua miguu. Nikasema moyoni, mwache apumzike. Nilifika chini kabisa ndipo nikageuka. Alikuwa juu kule, amekaa barabarani, anashika goti, halii. Daktari alishona, mimi nilishika mkono. Umbo la ndoano, ndiyo.

Hakuna haja ya fundi.

Mwambie Gilbert asiondoke kabla sijafika, kama jeshi litamruhusu. Sitamuuliza kitu. Nataka kumwona mikono tu.

Bi Ravault alinikaribisha tena, akaweka sahani mbili bila kuambiwa, anakumbuka wateja wake. Niliiangalia ile ya pili ikitoa moshi. Nikamwambia aiondoe. Hakutania. Aliichukua, akaifuta pembeni kwa aproni ingawa ilikuwa safi, akaenda nayo jikoni na hakurudi mpaka nilipomaliza.

Kuendesha hadi nyumbani siwezi. Asubuhi hii niliipeleka stesheni ili isafirishwe behewa la mizigo. Karani ni kijana, mchangamfu. Alipoiona ilivyo ndefu akapiga mluzi, akaita mwenzake aje kuitazama. "Hii lazima ilale kimshazari," akasema, "kama mjomba wangu." Wakaifunga lebo. Kisha akarudi dirishani, akachukua kalamu.

"Vendôme, halafu mnabadilisha garimoshi," akasema. "Tiketi ngapi, mzee? Mbili?"

Mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akakohoa, nikageuka kumtazama. Alikuwa mwanamke na kikapu cha maharage.

Nikasema moja.

Nduguyo,
Octave